Ghuba Zote Zilikuwa na Kasoro

Ghuba ya kwanza ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilikuwa nzuri.

Maji yalikuwa yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Mchanga wa chini ulionekana kana kwamba umewekwa kwenye bilauri. Upande mmoja kilima kimekinga upepo, upande wa pili ulimi wa mawe umekinga mawimbi, na katikati mashua chache zimelala, wenyewe wamejinyoosha juu yake na kofia usoni. Mimi nilikuwa nimesimama mbele kabisa ya mashua yetu, mkono juu ya mnyororo wa nanga, moyoni nimeshatia majani ya chai. Nyuma kwenye usukani mume wangu akapunguza mwendo, akatoa darubini, akatazama. Akatazama weee. Kisha akasema hapafai.

Nikamuuliza pana nini. Akasema maji yametulia mno, si kawaida.

Basi tukageuza, tukarudi kwenye mawimbi ya kawaida.

Mume wangu mji mzima unamjua kwa jina la Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva tangu ana nywele. Kila dereva wa kwetu, yule anayekuendesha mpaka ukasinzia na yule anayekufanya utubu dhambi zako zote njiani, amepita mikononi mwake. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, chini ya mguu wake wa kulia, na mguu huo ndio uliotulisha. Mwanafunzi akikaribia ukuta, mguu unashuka, gari linasimama, mwanafunzi anatokwa machozi, na Breki anasema kwa upole kabisa, "Umeshakufa. Rudia."

Mtu huyo aliyefundisha mji mzima hakumfundisha mkewe. Nilimwomba nikiwa bibi harusi, nikamwomba nikiwa na mtoto mgongoni, nikaacha kuomba nilipoanza kuitwa bibi. Jibu lake halikubadilika: mke hafundishwi gari na mumewe, ndoa itavunjika. Kwa hiyo mimi, kwa kuilinda ndoa, nikawa natembea kwa miguu. Ndoa ikabaki nzima. Yaliyovunjika ni magoti.

Alipostaafu, wenzake walianza kufuga kuku. Yeye alitoa magari yake mawili ya kufundishia, akabadilishana na mashua ya tanga yenye injini ndogo na chumba cha ndani kinachotosha watu wawili wanaopendana sana, au wafupi sana. Ubavuni imeandikwa *Tulia*. Jina hilo ilipewa na mwenye mashua wa kwanza, ambaye naona naye alikuwa mtu wa mizaha. Breki akasoma kozi fupi, akapewa cheti, akakibandika ukutani juu ya kitanda chetu, ili asubuhi nikifumbua macho nisisahau nimelala na nani.

Sasa safari yenyewe. Kitinda mimba wetu, ambaye tangu mdogo tunamwita Tinda, aliolewa mji wa mbali huko chini pwani, na alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa nimemwahidi kwamba uchungu utanikuta pembeni yake. Si ahadi ya kupamba mdomo. Tinda na maumivu hawajawahi kuelewana. Akichomwa sindano, aking'olewa jino, dawa yake ilikuwa moja, nayo ni vitendawili. Namtegea kimoja, akili yake inatoka mbio kutafuta jibu, huku nyuma mwili unabaki peke yake na sindano unamalizana nayo. Mkunga alipomwambia atafute kitu cha kumtoa mawazo siku ya kujifungua, Tinda akamjibu kwamba kitu hicho anacho, kinavaa miwani na kinaitwa mama.

Mimi nilitaka kupanda basi. Ningelala, ningeamka, ningefika. Breki akasema basi lina vumbi, basi lina ajali, na zaidi ya hapo madereva wa mabasi anawajua, amewafundisha yeye. Akasema tutakwenda na upepo, tutafika na siku za kubakiza, na kila jioni tutatia nanga mahali pazuri, tunywe chai, tutazame jua linavyozama kama watu wa kwenye kalenda. Akatafuta na kitabu cha mwongozo chenye ghuba zote za pwani ile, kila ghuba na nyota zake kama hoteli.

Kutia nanga, kwa asiyejua, ni jambo dogo. Unatafuta mahali palipokingwa, penye mchanga chini wa kuishika nanga. Unaelekeza pua ya mashua kwenye upepo, unaisimamisha, inaanza kurudi nyuma polepole, ndipo unashusha nanga na kuachia mnyororo. Nanga inajichimbia, wewe unakwenda kuchemsha maji. Ndivyo kitabu kinavyosema, na picha ipo.

Kwetu ilikuwa hivi. Tukifika anapopataka, Breki anakanyaga. Anakanyaga sakafu, kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zote, pale ambapo breki ingekuwepo kama mashua ingekuwa gari na mtu mwingine ndiye anayeendesha. Mguu ukigota, kichwa kinaamini tumesimama. "Shusha," ananiambia. Nami nashusha. Mashua, ambayo haina habari yoyote na mguu wa mtu, inaendelea na safari yake. Inaupita mnyororo kwa juu, mnyororo unaikwaruza tumbo kwa sauti ya mtu anayesaga meno usingizini, nanga inalala ubavu huko chini, na sisi tunaiburuta kama mbuzi aliyekataa kwenda.

Usiku wa kwanza, baada ya kuikataa ghuba iliyotulia, tuliishia kwenye hori, mkono mwembamba wa bahari, ambalo kitabu hakikulipa nyota hata moja. Kiliandika tu: lina mbu. Breki akalitazama kwa darubini, hakuona kiumbe, uso ukamchanua. Tulishusha nanga, tukaiburuta, tukashusha tena, mwisho ikanasa kwenye jiwe kwa huruma zake yenyewe. Mawimbi yaliingia mle ndani bila kubisha hodi. Nililala nimekumbatia sufuria ya maharage, si kwa mapenzi. Lilikuwa ni suala la nani kati yetu atamwagikiwa.

Asubuhi nikampigia Tinda simu. Nikamtegea: nina mnyama, nikimlisha mchanga analala, nikimlisha mawe anatangatanga.

Alifikiri kidogo, akasema ni nanga. Kisha akataka kujua ya kwetu inalishwa nini. Nikamwambia ya kwetu imelala njaa. Akacheka, halafu akaniuliza kwa ile sauti yake ya kitoto ambayo sikuwa nimeisikia tangu aolewe:

"Mama, lakini utafika?"

Nikamwambia nitafika. Nilisema kwa sauti ya juu ili na aliyeko kwenye usukani asikie.

Ghuba ya pili ilikuwa na nyota nyingi kuliko mkuu wa majeshi. Kasoro yake ilikuwa mashua moja nyekundu. Breki alisema mtu anayepaka mashua rangi nyekundu haaminiki kuwa jirani. Ghuba ya tatu, miti yake ilikuwa imeinama upande mmoja, dalili kwamba upepo wa pale ni mkali, ingawa saa ile hata jani halikutikisika. Ya nne aliikataa kwa sababu asubuhi jua lingetupiga usoni. Nikamwambia nimesikia jua linapatikana mahali pengi. Akasema huo utani wangu ndio unaomvurugia hesabu.

Na kila jioni, baada ya kuzikataa nzuri, tulikwenda kulala mbaya. Tulilala mbele ya mtambo wa kusaga kokoto. Tulilala karibu na mwamba ambao ndege wa bahari wote wa pwani ile wamekubaliana uwe choo. Tulilala mahali ambapo maji yalipopungua mashua iliegemea ubavu, tukala chakula cha jioni tumeshikilia sahani ukutani. Kila mahali Breki alivuta pumzi ndefu na kusema, "Unaona? Hapa ni petu peke yetu." Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuja kutugombea.

Nikaanza kumchunguza. Mtu anayetafuta pa kutia nanga hutazama maji. Breki alikuwa anatazama watu. Darubini ilipita juu ya mchanga bila kusimama, ilipita juu ya mwamba bila kusimama, ikifika kwenye mashua yenye mtu aliyeketi, inaganda. Nikajitegea mwenyewe kitendawili: ana uwanja mzima wa kuegesha, lakini anaegesha mtaroni. Jibu sikuwa nalo bado, ila harufu yake nilianza kuisikia.

Nusu ya jibu ilikuja siku maji ya kunywa yalipokaribia kutuishia. Ilibidi tuingie ghuba yenye watu, kwa sababu bomba lilikuwa huko. Na hapa niseme jambo moja kuhusu watu wa mashua. Wakishatia nanga zao, hawana runinga. Runinga yao ni mashua inayoingia. Tulipotokeza tu, nikawaona wanatoka ndani mmoja mmoja na vikombe vyao, wanavuta viti, wanakaa. Mwanamke mmoja aliyevaa kofia pana kama sinia alimwita mumewe aje, isimpite.

Breki akaingia amekaza shingo. Akakanyaga. Nikashusha. Tukaupita mnyororo. Nikapandisha nanga, mikono inawaka moto, tukazunguka, akakanyaga tena, safari hii kwa hasira, kana kwamba tatizo ni kwamba sakafu haikusikia vizuri. Tukaburuta mpaka tukamkaribia mtu aliyekuwa anaanika nguo. Tukazunguka tena. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma. Walinyamaza kimya, kama watu walio msibani. Mwisho Mama Kofia akasema kwa wema mwingi sana kwamba labda nanga yetu haijapata pa kushika.

Breki akajichekesha. Akanyoosha kidole mbele ya mashua, nilikosimama mimi nimelowa mpaka kwenye kope, akasema kwa sauti ya kusikika ghuba nzima, "Tuko mazoezini tu. Huyu mwanafunzi wangu bado."

Mimi. Mwanafunzi. Mtu aliyeninyima shule tangu usichana wangu, siku hiyo amenisajili mbele ya mashahidi, ili nifeli kwa niaba yake.

Tukaondoka bila maji, tunapunga mikono kama wageni rasmi. Sikumsemesha. Asubuhi maji yaliyobaki nikayapikia chai ya kikombe kimoja, nikanywa nikimtazama.

Siku hiyohiyo, jua limeshapanda, mkwe wetu akapiga simu. Mkwe ni fundi umeme, kijana mpole, anazungumza kama mtu anayeogopa kukanyaga waya. Zamani, kabla hajamwoa Tinda, alijiandikisha kwa Breki kujifunza gari, na sote tulijua kwamba hakuja kwa ajili ya gari. Breki naye alijua. Siku moja, mbele ya wanafunzi wote na mbele ya Tinda, alimwambia kwamba yeye hata toroli hataweza kuliegesha. Kijana akajifunza mahali pengine, akapata leseni, akaja na posa kwa gari, akaliegesha mbele ya nyumba yetu pamoja na uoga wote. Tangu hapo wanasalimiana vizuri, wanaulizana hali ya hewa.

Sasa mkwe akaniambia uchungu umemshika Tinda tangu alfajiri. Wako hospitali, ile iliyo juu ya bandari. Tinda kila baada ya muda anauliza mama yuko wapi. Yeye mwenyewe atashuka gatini kutupokea. Je, tumefika wapi?

Nikatazama mbele. Rasi ilikuwa palepale, na nyuma ya rasi ndiyo bandari yenyewe. Nilikuwa naona ncha za milingoti zimejipanga nyuma ya mawe kama meno ya kitana. Nikamwambia, mwanangu, tuko mlangoni.

Nilipokata simu nikahisi mashua inageuka. Breki alikuwa amesikia kila neno, na usukani alikuwa anauzungushia upande wa huku wa rasi, kwenye kighuba kidogo chini ya genge la mwamba.

Nikaenda nyuma, nikakaa mbele yake.

"Mzee, hapa pana njia ya kupanda juu?"

"Hapana njia."

"Pana gati?"

"Hapana. Ila kitabu kinasema ni salama. Tungoje kidogo mashua za bandarini zipungue."

"Zinapungua saa ngapi?"

Akaitazama dira kana kwamba swali nimeiuliza yenyewe.

"Pana nini hapa, baba watoto? Niambie tu. Zile ghuba zote ulizikataa, hizi ulizikubali. Pana nini?"

"Hapana watu," akasema.

Na hapo kitendawili changu kikapata jibu, ingawa si jibu la kushangilia. Akaniambia, polepole, kwamba kijana atakuwa gatini. Kwamba alimwambia mbele za watu hata toroli hataliegesha. Sasa asimame pale, yeye na bandari nzima na vikombe vyao, wamtazame Breki anazunguka kama nzi ndani ya glasi. Alisema tangu tutoke nyumbani hajalala vizuri kwa ajili ya gati lile. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya sufuria.

Ningeweza kumwonea huruma. Nilimwonea, kidogo, nikaiweka pembeni nitakuja kuimalizia.

"Mwanangu yuko pale juu na uchungu," nikamwambia, "na mimi umeniletea genge lenye utulivu. Toka hapo."

"Nitoke wapi?"

"Kwenye usukani. Ulishawatangazia watu kwamba mimi mwanafunzi wako. Haya, nifundishe."

Akasema mke hafundishwi na mumewe, ndoa itavunjika. Nikamwambia ikivunjika tutaiokota gatini, huko kuna mwanga mzuri. Akasema sijui hata gia iko wapi. Nikamwambia hilo si kosa langu. Akasimama, akanipisha.

Alinionyesha haraka. Mkono huu wa chuma ukiusukuma mbele mashua inakwenda mbele, katikati inaelea tu, nyuma ni rivasi. Usukani usiung'ang'anie kama mtu anayezama. Tazama unakokwenda, usitazame mikono. Kisha akaenda mbele, kwenye nafasi yangu, akasimama juu ya nanga, akageuka kunitazama. Na hapo, wallahi, nikamwona anarudi. Mabega yalipanda. Kidevu kikapanda. Hii ndiyo sura iliyokuwa inatoka nyumbani kila asubuhi na kurudi jioni na njaa. Mume wangu hakuwa mtu wa usukani hata siku moja. Maisha yake yote aliketi upande wa pili, mtu mwingine akiendesha, yeye akiona hatari.

Tukaizunguka rasi. Bandari ilikuwa imejaa pomoni. Tulipotokeza, viti vikaanza kuvutwa.

Mwanzo nilifanya vizuri, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugonga. Kisha Breki akasema kushoto kidogo, nami nikaenda kushoto kwa moyo wote. Mbele yangu kulikuwa na mashua ya buluu, juu yake mzee wa kaptula na kikombe chake. Nikamwona anakua. Nikaona mistari ya kaptula. Akaweka kikombe chini, akasimama, akaanza kunyoosha mikono kutuzuia, kana kwamba tumekuja kumkumbatia.

Lakini Breki, ambaye wanafunzi wa miaka nenda miaka rudi wamempeleka kwenye kuta, mitaro na vibanda vya watu, hakupandisha hata nyusi.

"Umeshakufa," akaniambia kwa upole kabisa. "Zungusha usukani kulia. Rudia."

Nikazungusha. Tukampita yule mzee kwa karibu kiasi kwamba tuliamkiana. Breki akanipitisha katikati ya mashua nyingine, kulia kidogo, nyoosha, usikimbilie, hakuna anayekufukuza, akaniongoza mpaka mahali palipo wazi, chini ya jengo la hospitali lenyewe. Pua ikaelekea upepo. Yeye akawa anatazama chini majini, na maji yalikuwa safi, mchanga unaonekana.

"Breki!" akasema, na mguu wake ukashuka.

Niliusikia ulivyogonga. Na mashua, kama kawaida yake, ikaendelea. Ila safari hii alikuwa amesimama mahali pa kuona. Aliuona mchanga unapita chini yake. Akautazama mguu wake. Akatazama maji. Akautazama tena mguu, kama mtu anayegundua kwamba mbwa aliyemlisha miaka yote ni wa jirani. Nanga alikuwa ameishika mkononi. Hakuishusha.

"Rivasi," akasema, taratibu.

Nikavuta mkono wa chuma nyuma. Mashua ikatetemeka, ikapunguza, ikasimama, ikafikiri, ikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Hapo ndipo alipoiachia nanga. Mnyororo ukateremka bila kukwaruza kitu, ukanyooka, ukakaza, mashua ikainamisha pua kama mtu anayeitika salamu, ikatulia. Kwa mara ya kwanza tangu tuijue, jina lake likawa la kweli.

Nikatazama pembeni. Watu walikuwa wanarudisha viti ndani, wamenuna. Hapakuwa na cha kutazama.

Mkwe alikuwa gatini kweli. Tulimfikia kwa kimashua cha mpira tulichokuwa tunakivuta nyuma, Breki akipiga makasia kwa heshima. Kijana akanipokea mkono, akanipokea mfuko, akasema Tinda bado, anangoja. Kisha akaitazama *Tulia* kule ilikosimama, akamuuliza baba mkwe wake, kwa adabu, ni nani aliyekuwa anaendesha.

"Mama yako," Breki akasema. "Nimemfundisha mwenyewe."

Mkwe akaona bora asiulize lini.

Gari lake lilikuwa nje ya lango la gati, kati ya lori la samaki na ukuta, mahali ambapo mimi ningesita kuegesha hata baiskeli. Limenyooka kama limepimwa kwa rula. Breki akasimama. Akalizunguka. Akainama akatazama nafasi iliyobaki upande wa ukuta. Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango, nataka twende, lakini nikamvumilia, maana niliona anatafuta neno, na maneno ya namna hiyo hakuwa nayo mengi.

"Umeegesha," akamwambia.

Kwa kinywa cha Breki hiyo ni hotuba. Kijana aliielewa yote, kwa sababu alishindwa kuingiza ufunguo mara ya kwanza. Njia nzima ya kupanda hospitali nilikuwa nimekaa nyuma nautazama mguu ule wa kulia. Ulitulia sakafuni kama mguu wa mtu mwingine yeyote. Kwenye lango la hospitali tu ndipo ulipobonyeza kidogo, na hapo hata mimi nilibonyeza.

Nilimkuta Tinda ameshika chuma cha kitanda, jasho limemlowesha shingo. Aliponiona hakusema shikamoo wala habari za safari. Alisema, "Tega."

Nikatega. Nilitega vyote nilivyokuwa navyo, na vilipoisha nikavibuni palepale. Kimoja kilikuwa: ana miguu miwili lakini mmoja anautumia kwa mambo yasiyokuwepo. Akajibu huku ameuma meno kwamba ni baba. Mkunga akacheka mpaka akaomba radhi. Uchungu ulipozidi, akili ya Tinda ilikuwa inatoka, inakwenda, inarudi na jibu, inatoka tena. Kuelekea mwisho alinishika mkono, akaniambia sasa zamu yake.

"Nina gari halina breki," akasema, "dereva haoni mbele, na lazima lifike."

Nikamwambia gari hilo nalijua, nimelipanda siku nyingi. Akataka kucheka, kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, mkunga akasema haya, sasa, na kitendawili kikajijibu chenyewe kwa sauti kubwa. Alikuwa wa kike.

Baadaye walipotuita wote ndani, Breki akapewa mjukuu ampakate. Akasimama naye karibu na dirisha, na kutoka dirisha lile bandari yote inaonekana. Akamtazama mtoto. Akatazama nje. Akamtazama tena mtoto.

"Haijasogea," akanong'ona.

Nikamuuliza, kwa kuwa niliona yuko katika hali nzuri, kama nimefaulu mtihani. Akafikiri kwa haki kabisa. Akasema sikufaulu, kwa sababu wakati wa kurudi nyuma sikutazama kioo. Nikamwambia mashua haina kioo. Akasema hilo angelizingatia kama ningelisema wakati ule, si sasa.

Kisha, akimbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia, akaniambia kwamba Tinda akipata nguvu, tukianza kurudi, mimi nishike usukani na yeye asimame mbele. Na tukipita rasi tunaweza kuingia kile kighuba chini ya genge, tutie nanga, tunywe chai. Kilikuwa kizuri, alisema, na siku ile hatukukitendea haki.

Nikamwambia kizuri, ndiyo, ila kina kasoro.

"Kasoro gani?"

"Hakina watu," nikamwambia. "Nani atatutazama?"